Boliti za Pembeni

Kwanza maji.
Kabla spana haijagusa chuma
nalala chali chini ya Dodge ya Baba,
nafungua bilula ya rejeta,
na kile kijani kinashuka ndooni
kwa uvivu wa baridi.
Nafunika ndoo kwa ubao. Kipozeo kina utamu,
na mbwa wa akina Cyr hajui kuwa utamu huua.

Kisha kizibo cha ubavuni mwa injini,
maana rejeta tupu si injini tupu.
Hilo Normand hakulijua,
au alilijua, na usiku ulikuwa mrefu,
na Baba alikuwa amesimama nyuma yake na saa mkononi.

Boliti za katikati zina kesi na moto tu.
Za pembeni, ya mbele na ya nyuma,
zimetoboa hadi kwenye maji.
Ukizivamia, injini nzima inakulilia viganjani.

Ilimlilia Normand. Februari, ghalani humu,
viazi vimelala gizani kwa magunia,
mto Saint John umeganda hadi ng'ambo, hadi Kanada.
Alikaza mkono, boliti ikasema ta!
Kichwa kikabaki kwenye spana,
kiwiliwili kikabaki ndani,
na maji ya moto yakamshukia hadi kwenye kiwiko.
Baba hakuuliza kiwiko.
Alisema: mikono ya kuchimbia viazi hiyo, si ya chuma.

Normand alivaa koti kwa mkono mmoja.
Bangor ni saa nne kwa barabara.
Majira ya baridi kumi na moja yamepita.

Baba tulimzika Oktoba, baada ya mavuno.
Mimi nimerithi gari, na mlio wake:
gasketi ya ekzosi imeungua, inapiga ulimi
ttk, ttk, ttk, kila ninapopanda kilima cha kanisa,
kama mtu anayesikitika bila kusema kisa.

Siku tatu nimekuwa nikizinywesha mafuta,
asubuhi na jioni, kama mgonjwa na dawa yake.
Chumvi ya barabara zetu imezila vichwa,
spana ya kumi na nne inapwaya,
ya kumi na tatu naipigilia kwa nyundo ndipo ishike.
Tochi ya gesi. Chuma kinapata joto, hakijawa chekundu.
Nagusisha mshumaa: nta inayeyuka,
inazama kwenye meno yenyewe, bila kusukumwa.

Halafu, kinyume na akili yote,
nakaza kwanza. Kidogo tu, nywele moja.
Ndipo nalegeza.
Robo kuja, nusu robo kurudi.
Inanung'unika. Nangoja. Napuliza vidole.
Robo kuja.

Ya nyuma, upande wa kushoto, imetoka nzima,
na nyuma yake tone moja. Moja.
Naipangusa kwa shati, naiweka chini ya taa.

Katikati imelika, nyembamba, kiuno cha nyigu.
Kutu imeila kutoka ndani, upande wa maji,
mwaka baada ya mwaka, mahali pasipofika jicho.
Na menoni hamna kitu. Hamna gundi, hamna hata alama ya gundi.
Ilifungwa kavu.

Boliti hizi alizifunga Baba mwenyewe,
kiangazi kile aliponunua gari,
mimi nikimshikia tochi, Normand bado yu mgongoni mwa Mama.
Ile ya mbele ilikuwa pacha wa hii.
Ingekatika mkononi mwa yeyote.
Ingekatika mkononi mwake.

Nimekaa juu ya gunia kwa muda.
Sikulia; pua ilikuwa ya baridi.

Boliti mpya nimezipaka gundi, meno yote,
nimezikaza kuanzia kati kwenda pembeni,
nikajaza maji, nikawasha.
Kimya. Hata ttk moja.

Ile nyembamba nimeitia kwenye bahasha ya kahawia.
Nimeandika mtaa wake, Bangor, na jina lake lote.
Barua sikutia.
Ana macho ya chuma. Ataisoma.